Umati Usioshtakiwa

Mwezi Machi 2021, mwanamume mmoja nchini Japani alitozwa faini ya yen 9,000, yaani kama dola 80 za Marekani wakati huo, kwa kosa la kumtukana mtu mtandaoni. Aliyetukanwa hakuwepo kuisikia habari hiyo. Hana Kimura, mwanamieleka wa miaka 22, alikuwa amejitoa uhai Mei 2020 baada ya kumiminiwa ujumbe wa chuki kwa wiki kadhaa. Alikuwa mshiriki wa kipindi cha televisheni kinachofuatilia maisha ya vijana wanaoishi nyumba moja. Watazamaji walimwona akimfokea mwenzake aliyeliharibu vazi lake la mieleka kwenye mashine ya kufulia, na katika ugomvi huo akamvua kofia kwa hasira. Basi. Hilo ndilo lililowafanya watu wasiomjua wamwandikie kwamba dunia ingekuwa bora bila yeye.

Wengi waliposikia kiasi cha faini walikasirika, na mimi nilikasirika. Lakini kesi ile imekaa kichwani mwangu kwa sababu nyingine. Ukiuchukua ujumbe wa mwanamume yule peke yake, ukauweka mezani, utaona tusi la kawaida. Mtu akikutupia tusi kama hilo barabarani utaudhika, utalisimulia ukifika nyumbani, na kesho yake utakuwa umelisahau. Mahakama ililipima jiwe moja ikaona ni dogo, na kweli lilikuwa dogo. Hana Kimura hakupigwa jiwe moja.

Hesabu ya mtumaji na hesabu ya mpokeaji hazifanani. Anayetuma huhesabu moja: nimesema neno langu moja, nimesambaza mara moja, nikaendelea na shughuli zangu. Anayepokea huhesabu jumla. Anaamka anakuta mia nne, anaoga, akirudi zimekuwa mia saba. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba, wakituhimiza tuweke akiba. Ukatili nao hujaa vivyo hivyo, na kati ya wote waliotia punje hakuna anayejiona kuwa ndiye aliyekijaza kibaba.

Hapo ndipo ninapoona tunakosea. Mashambulizi ya mtandaoni ni tendo la umati, lakini karibu kila tunachofanya kuyakabili kimeundwa kwa ajili ya ugomvi wa watu wawili. Sheria hutafuta mkosaji mmoja. Kampuni za mitandao hukagua posti moja moja. Na ushauri tunaompa aliyeshambuliwa ni ule ambao tungempa mtu mwenye jirani mkorofi.

Ushauri wenyewe tunaujua, maana kila mmoja wetu amewahi kupewa au kuutoa. Wapuuze. Zima simu. Usisome komenti. Hao ni watu wasio na kazi. Unatolewa kwa nia njema, na kwa mtu aliyetukanwa na wawili watatu pengine unafaa. Kwa aliyevamiwa na umati ni amri ya kuhama. Tunamwambia aliyeonewa aondoke uwanjani na kuwaachia waliomwonea. Leo huo uwanja ndipo watu wanapouza bidhaa zao, wanapotafuta kazi, wanaposoma, wanapopata habari za ndugu zao. Kuondoka ni hasara, na hasara hiyo tunamtwika aliyekwisha kuumia.

Utafiti uliofanywa na UNESCO na kituo cha kimataifa cha waandishi wa habari, ICFJ, mwaka 2020, uliwauliza waandishi wanawake wa nchi mbalimbali kuhusu jambo hili. Asilimia 73 ya wanawake waliojibu walisema wamewahi kushambuliwa mtandaoni kwa sababu ya kazi yao. Asilimia 20 walisema mashambulizi hayo yaliwafuata hadi nje ya mtandao. Tarakimu inayonikosesha raha zaidi ni ya tatu: asilimia 30 walisema wameanza kujizuia kusema wanayoyajua wakiwa kwenye mitandao ya kijamii. Hawa ni watu waliotii ushauri wetu. Habari walizonyamazia hatutazisoma, wala hatutajua kwamba zilikuwepo.

Kuna na wale waliojaribu kuhama kweli. Amanda Todd, msichana wa Kanada, alibadilisha shule zaidi ya mara moja baada ya picha yake ya faragha kusambazwa na mtu aliyekuwa akimtisha. Kila alikokwenda picha ilimtangulia, na wanafunzi wapya waliikuta kabla hawajamjua yeye. Alifariki Oktoba 2012 akiwa na miaka 15. Mtu aliyemtesa, raia wa Uholanzi, alitiwa hatiani na mahakama ya Kanada Agosti 2022. Ilichukua karibu miaka kumi kumpata na hatia mtu mmoja. Wale waliomcheka, waliomtumia ujumbe wa kumdhihaki, waliompokea kwa picha hiyo shule hadi shule, hawakuwa na kesi ya kujibu.

Niseme kitu kuhusu watoto hapa, kwa sababu ndio wanaoumizwa zaidi na "zima simu". Mtoto anapomwambia mzazi kwamba anasumbuliwa mtandaoni, mara nyingi hatua ya kwanza ya mzazi ni kumnyang'anya simu. Mzazi anaona amemkinga. Mtoto anaona ameadhibiwa yeye, na waliomsumbua wamebaki na simu zao wakiendelea kumjadili katika kundi ambalo sasa halioni. Safari ijayo hatasema. Wapo watoto wengi walionyamaza kwa miezi kwa sababu hiyo tu, wala si kwa kukosa mtu wa kuwapenda. Mzazi anayetaka kuambiwa lazima aanze na ahadi kwamba simu haitachukuliwa kwa kosa la mwingine, na aitimize.

Sasa, ni akina nani hawa wanaorusha mawe? Tunapenda kuwawazia kama kabila la peke yao: wenye roho mbaya, waliojificha nyuma ya akaunti feki. Wako wa aina hiyo, na ni hatari. Lakini mwaka 2017 watafiti wa vyuo vikuu vya Stanford na Cornell nchini Marekani walichapisha jaribio linalotunyima faraja hiyo. Waliwapa watu wa kawaida mtihani, wengine rahisi na wengine mgumu wa kuwachosha na kuwakera, kisha wakawaalika kuchangia mjadala mtandaoni. Baadhi walikuta mjadala umeanza kwa staha, wengine walikuta komenti za kwanza ni za kejeli na matusi. Walioingia wakiwa na utulivu na kukuta staha, asilimia 35 waliandika maneno ya ukorofi. Walioingia wakiwa wamekereka na kukuta matusi, walikuwa asilimia 68. Watu walikuwa wa aina ile ile. Kilichobadilika ni siku waliyokuwa nayo, na lugha waliyoikuta mlangoni.

Nilipousoma utafiti huo nilikumbuka video moja. Mwanamke nisiyemjua alikuwa akilia mbele ya kamera kwa jambo ambalo wote tuliliona la kuchekesha. Sikumtukana. Niliituma tu kwa watu watatu, na alama ya kicheko. Ningeulizwa wakati huo kama nimewahi kumdhalilisha mtu mtandaoni, ningekana kwa moyo mweupe, na ningeamini ninasema kweli. Baadaye nilisikia yule mama aliacha kutoka nyumbani kwa muda. Kibaba chake nilikitilia punje.

Kwa hiyo siamini sana wanaosema dawa ni kila mtu kulazimishwa kutumia jina lake halisi. Hoja yao ina mvuto: aliyefunika uso hana haya. Korea Kusini ililijaribu jambo hilo kuanzia mwaka 2007, ikizitaka tovuti zenye wageni wengi kuthibitisha utambulisho wa kila anayeandika komenti. Mwaka 2011 wadukuzi waliingia katika tovuti mbili zinazomilikiwa na kampuni moja na kuiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ikaifuta sheria kwa kauli moja, ikisema haikuonekana kwamba matusi yamepungua kwa maana, huku uhuru wa kusema ukiminywa. Tena kuna watu ambao jina la kificho ndilo linalowaweka hai: anayefichua ufisadi wa mkubwa wake, mke anayemkimbia mume mwenye mkono mwepesi, kijana anayeuliza swali ambalo nyumbani hawezi kuliuliza. Tukiwavua hao kwa kuwasaka watukanaji, tutakuwa tumewakabidhi kwa watukanaji.

Isitoshe, wengi wanaotukana hutumia majina yao na picha zao, wakiwa na watoto wao mapajani. Hawajioni kuwa wanafanya jambo la kuficha. Wanajiona wametetea haki, timu, dini, chama, au msanii wao. Umati karibu siku zote huamini uko upande wa haki, na hiyo ndiyo nguvu yake.

Kama uwanja wenyewe ndio unaomgeuza mtu mstaarabu kuwa mrusha mawe, basi wa kuulizwa kwanza ni aliyeujenga uwanja. Mitandao hii hupata fedha kutokana na muda tunaokaa ndani yake, na hasira ni miongoni mwa vitu vinavyotukalisha sana. Posti inayowachefua watu huvuta majibu mengi, mashine ikaona majibu, ikaisukuma kwa wengine. Hata wewe unayeinukuu ili kuilaani unaiongezea safari. Mashine haijui kulaani, inahesabu tu.

Lakini ukiambiwa kwamba hakuna kinachowezekana, usikubali. Mwaka 2021 Twitter, kabla haijabadilishwa jina, ilianza kuwauliza watumiaji wa Kiingereza waliokuwa karibu kutuma jibu lenye lugha ya matusi: je, una hakika unataka kutuma hivi? Swali moja, bila adhabu yoyote. Kampuni ilieleza kwamba katika majaribio yake, asilimia 34 ya waliopata swali hilo walibadilisha maneno yao au waliacha kabisa kuyatuma. Theluthi moja ya mawe ilibaki mkononi kwa sababu mtu alicheleweshwa sekunde chache. Huko Korea Kusini, baada ya mwimbaji na mwigizaji Sulli kufariki Oktoba 2019 akiwa ameandamwa na matusi kwa miaka, tovuti ya Daum ilifunga komenti kwenye habari za burudani mwezi huo huo, na Naver ikafuata Machi 2020. Biashara zao hazikufa. Hatua hizi ni ndogo, zinajulikana na zinafanya kazi. Kinachokosekana ni kulazimishwa kuzifanya kila mahali.

Na kila lugha. Swali lile la Twitter lilianza kwa Kiingereza, na ndivyo mambo huanza karibu siku zote. Novemba 2021 nchini Ethiopia, Meareg Amare, profesa wa kemia wa Chuo Kikuu cha Bahir Dar, aliuawa kwa risasi baada ya posti za Facebook kumtaja kwa jina na picha na kumsingizia makosa. Kwa mujibu wa kesi iliyofunguliwa Nairobi mwaka uliofuata, mwanawe aliziripoti posti hizo baba yake akiwa hai, na siku kadhaa baada ya baba huyo kuuawa ndipo kampuni ikamjibu kwamba moja imekiuka kanuni zake. Kampuni ilipinga kesi kusikilizwa Kenya. Aprili 2025 Mahakama Kuu ilisema ina mamlaka ya kuisikiliza. Wanaozungumza lugha ambazo kampuni hizi hazikuziajiria wasomaji wa kutosha, nasi Waswahili tukiwemo katika wasiwasi huo, wana haki ya kuifuatilia kesi hiyo kwa karibu.

Tukija kwenye sheria, niwe mkweli kwamba naiogopa hata ninapoidai. Japani iliiongeza adhabu ya kutukana mwaka 2022: iliyokuwa kizuizi cha chini ya siku 30 au faini isiyofika yen 10,000 ikawa kifungo cha hadi mwaka mmoja au faini ya hadi yen 300,000. Mama yake Hana, Kyoko Kimura, ndiye aliyeipigania. Naelewa kwa nini, lakini adhabu hiyo bado inapima jiwe moja moja, ila kwa mizani ya bei kubwa zaidi. Na mahali ambapo mwenye mamlaka ndiye wa kwanza kuudhika, sheria ya namna hiyo humfikia mkosoaji kabla ya kumfikia mtesi. Nchini Uganda, Agosti 2019, mwanazuoni Stella Nyanzi alihukumiwa kifungo cha miezi 18 kwa kumnyanyasa Rais Yoweri Museveni mtandaoni, kwa shairi aliloliweka Facebook. Hukumu ilifutwa na Mahakama Kuu Februari 2020, yeye akiwa amekwisha kukaa gerezani zaidi ya mwaka. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta, kilichohusu mawasiliano ya kuudhi. Rais ana walinzi, msemaji na televisheni ya taifa. Umati haumpigi mawe rais, humlinda.

Ninachokitaka ni sheria finyu yenye meno. Isiulize kama neno limeudhi. Iulize: je, kuna tishio la kuua au kubaka? Je, anwani ya mtu imeanikwa ili afuatwe? Picha ya faragha imetolewa bila ridhaa? Ujumbe unarudiwa siku baada ya siku, hata baada ya mtu kuomba aachwe? Na swali ambalo halipo katika sheria nyingi: nani aliuita umati? Kila umati una mpiga mbiu. Mwenye wafuasi laki tano anapoiweka picha ya mtu asiyejulikana na kuandika "huyu hapa, mnamjua?", anajua kitakachofuata. Hajatukana na mikono yake ni safi. Kwangu huyo ana la kujibu kuliko yule wa yen 9,000.

New Zealand ilikaribia zaidi mawazo haya katika sheria yake ya mwaka 2015 kuhusu mawasiliano ya kidijitali yenye madhara. Mahakama inayoamua kama ujumbe umeleta madhara inaweza kuangalia ukali wa lugha, umri na hali ya aliyelengwa, kama ujumbe umerudiwa, na kama umesambaa kiasi gani. Hapo angalau lundo linaonekana. Halafu kuna suala la kasi, ambalo kwa picha za faragha ndilo kila kitu. Hukumu inayokuja mwaka wa pili ni haki ya kwenye karatasi. Australia ina kamishna wa usalama mtandaoni tangu 2015, ambaye kwa sheria ya 2021 anaweza kuamuru maudhui fulani yaondolewe ndani ya saa 24 bila mwathirika kuajiri wakili. Marekani nayo ilipitisha sheria Mei 2025 inayozitaka kampuni kuondoa picha za namna hiyo ndani ya saa 48 baada ya kuombwa, zikiwemo zilizotengenezwa kwa akili bandia. Saa 48 ni nyingi kwa anayesubiri, ila ni nafuu kubwa kuliko miaka kumi.

Wanabaki wengi kuliko wote: walioona wakapita. Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili wa Marekani, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio ambamo mtu alimsikia mwenzake kupitia vipokea sauti vya masikioni akiwa kama aliyepatwa na kifafa. Walioamini wako peke yao wanaosikia, asilimia 85 walikwenda kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini wapo wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Hawakuwa watu wabaya. Kila mmoja alidhani yupo mwingine atakayeinuka. Mtandaoni hatuko watano, tuko elfu hamsini, na kila mmoja ana methali yake ya kujitetea: pilipili usiyoila yakuwashiani? Wapo hata wanaoligeuza "lisemwalo lipo" kuwa ushahidi, kana kwamba mia wakirudia uongo wa mmoja unakuwa kweli mara mia.

Siwaombi watu wakapambane na umati. Kujibizana nao huukuza. Aliyezama chini ya ujumbe mia saba hahitaji wa mia saba na moja hadharani, hata kama ni wa kumtetea. Anahitaji ujumbe wa faragha kutoka kwa mtu anayemjua: nimeona, si kweli, nakuja.

Na ukishafika, iko kazi. Polisi wataomba ushahidi. Kampuni itaomba kiungo cha kila posti. Kwa kawaida kazi hiyo huangukia aliyeumizwa mwenyewe, alazimike kupitia tena kila tusi, moja baada ya jingine, kulipiga picha na kuliandika, kana kwamba kulisoma mara ya kwanza hakukutosha. Mchukulie simu yake, kwa ruhusa yake, kwa siku mbili au tatu. Kaa chumba cha pili. Andika tarehe, saa, jina la akaunti, kiungo, hifadhi picha ya skrini kabla aliyelituma tusi hajalifuta. Yanayotishia maisha yaweke kando yaende polisi leo. Yanayotoka kwa watu wa familia, kazini au shuleni nayo yaweke kando, maana hayo atataka kuyajua mwenyewe siku akiwa na nguvu. Ukikutana na neno jema katikati ya lundo, mpelekee hilo. Mengine yote yasome wewe.